Usipuuze uvimbe wa ukope hata kama hauumi

TUSEME babu amekuja mjini kuwatembelea kutoka mashambani. Mnamkuta ukope wa jicho lake umevimba. Mkimwuliza, anawajibu kwamba hauumi, ni chokea tu, na amekuwa akitia dawa ya matone aliyonunua dukani. Sasa ni mwezi wa nne.

Hapo ndipo penye hatari. Chokea huuma, huwa chekundu na kwa kawaida huisha baada ya siku chache. Uvimbe usiouma unaokua polepole, au unaotolewa kisha ukarudi pale pale, huenda ukawa limfoma. Hii ni kansa ya chembechembe nyeupe za damu, zile zinazoukinga mwili dhidi ya maradhi. Wengi wanaopatwa nayo kwenye ukope ni watu wa makamo na wazee.

Daktari hawezi kuwa na hakika kwa kutazama tu. Ni lazima akate kipande kidogo cha nyama kikachunguzwe kwa hadubini maabarani. Hata hapo kazi haijakwisha, kwa maana chembechembe hizi hujikusanya pia katika uvimbe usio wa kansa. Kwa hivyo wataalamu hutumia dawa maalum za kutambua aina yake. Zikionekana zote zimetokana na chembe moja iliyoasi, hiyo ni dalili kubwa ya kansa.

Kisha mwili mzima hupimwa: damu, picha za kifua na tumbo, na pengine uboho wa mifupa, ili ijulikane kama ugonjwa umeenea. Ule unaokua polepole na ambao haujatoka machoni mara nyingi hutibika kwa miale.

Jihadharini na dawa za steroidi zisizoagizwa na daktari. Zaweza kuupunguza uvimbe kwa muda na kuuficha ugonjwa.

Kwa watoto mambo ni tofauti. Mnamo 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, alieleza kansa inayovimbisha taya za watoto. Kansa hiyo, ambayo pia ni limfoma, yaweza kulisukuma jicho nje, na hukua kwa siku chache tu. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali siku iyo hiyo.

Naye babu asirudi mashambani kabla ya kuonwa na daktari wa macho. Uvimbe ukikatwa, ulizeni swali moja: je, kipande kimepelekwa maabara, au kimetupwa?