Kuarifu, Kungojea na Kufuta: Nyakati Tatu za Itifaki ya Njia

Anayeeleza mitandao ya tarakilishi kwa Kiswahili huweza kuridhika na istilahi moja, "kipima-muda", kwa kazi ambazo kwa hakika ni tatu. Itifaki ya RIP, ambayo maelezo yake yaliandikwa na Charles Hedrick mwaka 1988, yaonyesha hatari ya mkanganyo huo.

Katika itifaki hiyo kila kipanga-njia, yaani chombo kiamuacho data ipitie wapi, huvitangazia vipanga-njia jirani njia kizijuazo kila baada ya sekunde 30. Huu ni muda wa kuarifu. Zikipita sekunde 180 bila habari ya njia fulani, njia hiyo huhesabiwa kuwa imekufa; huu ni muda wa kungojea. Baada ya sekunde 120 nyingine huondolewa orodhani. Huu ni muda wa kufuta.

Muda wa kungojea, basi, ni mara sita ya ule wa kuarifu. Kwa sababu hiyo ujumbe mmoja au miwili ikipotea, njia isiyo na kasoro haihukumiwi. Lakini uvumilivu una gharama: jirani akizimika kimya kimya, data huweza kutumwa kwake bure kwa dakika tatu. Fundi atakaye wepesi hushawishika kuupunguza muda wa kungojea peke yake. Akiufikisha sekunde 30, ujumbe mmoja kuchelewa watosha kuiua njia, nayo hufufuka ujumbe ufuatao ufikapo; mtandao hukosa utulivu. Sharti nyakati hizo mbili zipunguzwe kwa uwiano, ingawa wingi wa jumbe nao hula nafasi ya mawasiliano.

Hata uwiano mwema hautoshi. Mwaka 1993 Sally Floyd na Van Jacobson walionyesha kwamba vipanga-njia vilivyoanza kuarifu kwa nyakati mbalimbali huweza hatimaye kuarifu kwa pamoja, mtandao ukalemewa kwa vipindi. Dawa yake ni kuutia muda wa kuarifu tofauti za kibahati.

Kwa hiyo aambiwaye tu "punguza kipima-muda" hajaambiwa apunguze nini. Vitenzi vitatu, kuarifu, kungojea na kufuta, vyamwonyesha kazi ya kila muda kabla hajaugusa.