Fangasi sugu: Ogopa krimu za kuchanganya

Ugonjwa wa choa wengi tunaufahamu: duara lenye magamba pembezoni, linalowasha mapajani, kiunoni au chini ya matiti. Mtu hununua krimu, hupaka, muwasho hutulia. Baada ya wiki chache duara hurudi, tena likiwa pana zaidi. Kwa nini?

Jibu moja limetoka India, ambako katika miaka ya 2010 madaktari waliona choa nyingi zisizopona kwa terbinafini, dawa inayotegemewa sana. Mwaka 2020 fangasi huyo alipewa jina la Trichophyton indotineae. Kwa darubini anafanana mno na fangasi wenzake. Hutambulika kwa kusoma vinasaba vyake.

Siri yake ni nini?
Fangasi hutumia kimeng'enya maalumu kutengeneza mafuta ya kujengea utando wa seli zake. Terbinafini hukizuia kimeng'enya hicho, naye hufa. Kwa fangasi sugu, jeni ya kimeng'enya hicho imebadilika kidogo tu, dawa ikashindwa kukishika. Ni kama kitasa kilichobadilishwa: ufunguo ni ule ule, lakini mlango haufunguki.

Wataalamu wanazilaumu pia krimu zinazochanganya dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali kama klobetasoli, zinazouzwa bila cheti cha daktari. Steroidi hutuliza muwasho, lakini hudhoofisha kinga ya ngozi, na fangasi huzidi kuenea. Mwaka 2023 Marekani ilitangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza, jijini New York. Mmoja wao hakuwa amesafiri nje ya nchi.

Tufanye nini?
• Usipake krimu yenye steroidi bila ushauri wa daktari.
• Maliza dozi, hata kama muwasho umekwisha.
• Kila mtu awe na taulo lake. Nguo na mashuka yafuliwe na kuanikwa juani.
• Baada ya udhu, kausha katikati ya vidole vya miguu.
• Mume na mke wakiugua, watibiwe pamoja.

Wengi huficha maradhi haya kwa kuwa yako sehemu za siri. Haya ni jambo jema, lakini isitunyime tiba ambayo Mtume (SAW) ametuhimiza kuitafuta. Dada anaweza kuomba daktari wa kike. Dawa nyingine zipo, na wagonjwa wanapona kwa idhini ya Allah.

Wabillahi tawfiiq.