Maji ya Kunywa Hayatoshi kwa Mgonjwa wa Figo

Mama mpendwa, kama una mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine, huenda umeona chumba cha maji kilichojaa mitungi na mabomba, ukajiuliza: kwa nini maji yasichemshwe tu kama tunavyofanya nyumbani? Sisi wauguzi tunapenda kujibu swali hilo.

Mtu mwenye afya hunywa kama lita 2 za maji kwa siku, na utumbo wake huzuia mengi yasiingie katika damu. Mgonjwa aliye kwenye mashine hukutana na lita 120 hivi kwa saa 4, kwa kawaida mara 3 kwa juma. Kati ya damu yake na maji hayo pana utando mwembamba tu, naye hana figo za kutoa sumu inayopenya.

Klorini inayotukinga na kipindupindu huvunja chembe nyekundu za damu yake. Shabu inayotuliza matope huacha aluminiamu, ambayo katika miaka ya 1970 ilidhuru ubongo na mifupa ya wagonjwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1996, mjini Caruaru, Brazili, wagonjwa zaidi ya 50 walifariki kwa sababu maji ya bwawa yaliyotumika yalikuwa na sumu ya vijimea vya majini.

Kuchemsha huua vijidudu, lakini madini hayaondoki. Chemsha maji ya chumvi yakauke, utaikuta chumvi sufuriani.

Kwa hiyo maji hupitishwa kwenye mchanga unaozuia takataka, chombo kinachotoa chokaa, na mkaa maalumu unaonasa klorini. Mkaa hutangulia kwa kuwa klorini huharibu utando unaofuata. Ndipo pampu huyasukuma maji kwa nguvu kupitia utando huo: maji hupenya, na karibu madini yote na vijidudu hubaki nyuma.

Tunawasihi akina mama muulize mambo mawili. Je, klorini hupimwa kila zamu kabla ya mgonjwa wa kwanza kuunganishwa? Haifai kuzidi miligramu 0.1 kwa lita. Je, vijidudu hupimwa kila mwezi?

Mgonjwa akitetemeka kwa baridi, akitapika au akiumwa kichwa akiwa kwenye mashine, mwite muuguzi mara moja. Kuuliza si kumdharau mtu. Muuguzi mwangalifu atakufungulia daftari la vipimo.