Mtiririko na Akiba: Maana ya Vipimo vya Kisima cha Gesi cha Ntorya

Katika uwanda wa juu wa Makonde maji hayapatikani karibu. Mvua inyeshayo huzama upesi mchangani, na chemchemi hutokeza chini mabondeni. Kwa hiyo, zamani za kabla ya mabomba, wanawake wa Newala walishuka miteremko mirefu kuteka maji, wakapanda tena na mitungi kichwani. Watu walioishi maisha hayo hawakuhitaji mwalimu wa kuwafundisha kwamba kisima kina sifa mbili zisizofanana. Ya kwanza ni upesi wa kujaza mtungi. Ya pili ni wingi wa siku ambazo kitaendelea kutoa kabla ya kukauka. Kisima chaweza kujaza mtungi mara moja katika mwezi wa tano, na katika mwezi wa kumi kikawa tope tupu.

Tofauti hiyo, iliyo dhahiri kwa mteka maji, imewasumbua sana watu walionunua hisa katika visima vya namna nyingine vya Mkoa wa Mtwara, navyo ni visima vya gesi.

Vilima vya mawe vya Masasi ni miamba migumu ya kale sana, isiyotazamiwa kuwa na mafuta wala gesi. Lakini kadiri mtu aendavyo mashariki, kuelekea baharini, miamba hiyo huzama na kufunikwa na matabaka ya mchanga na udongo yaliyogeuka mawe. Gesi hukaa katika vinyweleo vya mawe hayo ya mchanga, wala haikai katika pango kubwa kama wengi wanavyodhani. Huko mashariki, katika eneo la Ntorya, kampuni ya Aminex, ambayo hisa zake wakati huo ziliuzwa London na Dublin, ilichimba kisima cha kwanza mwaka 2012. Kilipopimwa kilitoa futi za ujazo milioni 20 za gesi kwa siku, pamoja na mapipa 139 ya mafuta mepesi. Kisima cha pili kilipimwa mwaka 2017, kikatoa futi za ujazo milioni 17 kwa siku.

Hapo ndipo mjadala wa wenye hisa wadogo unapoanza. Mtu aliyeweka akiba yake ndogo katika kampuni ya namna hii hana njia ya kulitazama jiwe lililo chini ya ardhi kwa zaidi ya mita elfu mbili. Huletewa tarakimu moja, naye huishika kama nahodha ashikavyo dira. Anayesema kwamba 17 ni pungufu ya 20, basi kisima cha pili ni dhaifu kuliko cha kwanza, huonekana amesema kweli ya hesabu. Walakini hesabu hiyo imeacha jambo kubwa.

Kisima kinapopimwa, gesi haiachiwi itoke ovyo. Hupitishwa katika kizuizi chenye tundu dogo kilichofungwa mdomoni. Tundu likipanuliwa, gesi hutoka kwa wingi, likibanwa, hupungua. Katika kisima cha kwanza cha Ntorya tundu lilikuwa na upana wa inchi moja. Katika cha pili lilikuwa sehemu 40 katika 64 za inchi. Eneo la tundu la pili halifikii nusu ya eneo la tundu la kwanza, na hata hivyo gesi iliyotoka ilikaribia kuwa sawa. Hiyo ni dalili kwamba nyuma ya tundu la pili palikuwa na kanieneo kubwa zaidi. Basi wale waliofurahia 17 hawakuwa wajinga, wala wale waliosikitika hawakuwa na hila. Kila upande ulisoma tarakimu, ila upande mmoja haukusoma tundu.

Lakini hata aliyesoma tundu hajaujua utajiri wa kisima. Kipimo hufanywa kwa saa chache au siku chache. Chaonyesha jinsi jiwe lililo karibu na kisima linavyopitisha gesi. Hakionyeshi jiwe hilo limeenea hadi wapi, wala kama limekatwa na nyufa zilizozibika. Mfano wa jambo hili upo katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa. Kisima cha Kiliwani North-1, ambacho Aminex ilikuwa na fungu ndani yake, kilipimwa mwaka 2008 kikatoa futi za ujazo milioni 40 kwa siku, yaani maradufu ya kile cha kwanza cha Ntorya. Kilianza kuuza gesi mwaka 2016. Ilipofika mwaka 2018 kanieneo yake ilikuwa imeshuka sana. Mtungi ulijaa upesi, kisima hakikudumu.

Kwa ajili hiyo wanaoandika habari hizi kwa Kiswahili wapaswa kuyatenga maneno ambayo mazungumzo huyachanganya. *Mtiririko* ni kiasi kinachotoka kwa muda fulani, nao hauna maana usipotajwa pamoja na muda, tundu na kanieneo. *Kanieneo* ni neno lililoundwa vizuri, kwa kuwa huonyesha lenyewe maana yake: kani juu ya eneo. *Rasilimali* ni gesi inayokadiriwa kuwamo katika mwamba. *Akiba* ni sehemu tu ya hiyo, inayoweza kutolewa na kuuzwa kwa faida. Atumiaye neno *utajiri* kwa yote manne humpa msomaji maji ya kifuu na kuyaita bahari.

Madhara ya mchanganyiko huo si ya kamusi peke yake. Kampuni ndogo isiyouza gesi hupata fedha kwa kutoa hisa mpya, na kila mara itoapo, fungu la mwenye hisa wa zamani hupungua. Tangu kipimo cha mwaka 2012 hadi leseni ya kuendeleza Ntorya ilipotolewa mwaka 2024, miaka 12 ilipita na gesi imefungwa ndani ya mwamba, ikingojea bomba la kuipeleka kwenye kiwanda cha Madimba. Katika miaka hiyo wakubwa walibadilika: tangu mwaka 2020 kampuni ya ARA Petroleum, yenye asili ya Oman, ilishika asilimia 50 na uongozi wa kazi, baadaye ikafikia 75, Aminex ikabaki na 25. Mtiririko ulioshangiliwa haukuwa umemlipa mtu hata senti.

Na si mwenye hisa wa ng'ambo peke yake aliyezisikia tarakimu hizo. Mkulima wa korosho wa Mtwara naye alizisikia. Na ghasia za mwaka 2013 juu ya bomba la kwenda Dar es Salaam zilionyesha jinsi matumaini ya gesi yalivyokuwa makubwa mkoani. Yeye pia astahili kuambiwa waziwazi kama anachotajiwa ni upesi wa mtungi au umri wa kisima. Bibi zake walioshuka bondeni waliijua tofauti hiyo. Haifai lugha yao ikaipoteza.