Ardhi Iliyotwaliwa kwa Njaa: Songea na Madai ya Fidia

Songea, kusini mwa Tanzania, haikunyang'anywa ardhi kama Meru, ambako mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa Engare Nanyuki ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu. Wameru walijua nani amekalia mashamba yao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alilifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa. Wangoni wa Songea na majirani zao walipokonywa kwa vita, kisha kwa njaa, na mwishowe kwa pori.

Sheria ilitangulia. Amri ya Wajerumani ya Novemba 26, 1895 iliifanya mali ya dola ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe. Mkulima wa kusini alilima misimu michache, akaliacha shamba lipumzike, akahamia jirani. Shamba hilo lililolala lilikuwa lake, lakini machoni pa amri lilikuwa tupu.

Vita vya Maji Maji, vya kuupinga utawala wa Wajerumani, vilipofika Ungoni mwaka 1905, utupu huo ulitengenezwa kwa moto. Februari 27, 1906, makumi ya viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa mjini Songea. Vikosi vya Wajerumani vilichoma vijiji, vikateketeza mazao yaliyokuwa shambani na yaliyokuwa ghalani. Mvua ziliponyesha, aliyebaki na jembe hakuwa na mbegu ya kupanda. Katika eneo zima la vita, makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa.

Mahame yakaota vichaka. Vichaka vikaleta tembo na mbung'o, na mbung'o wakaleta malale. Mwaka 1922 Waingereza, waliowarithi Wajerumani, walianzisha Pori la Akiba la Selous, ambalo baadaye lilipanuliwa hadi kaskazini mwa mkoa wa Ruvuma. Katika miaka ya 1940 malale yakawa sababu ya kuwahamisha watu wa Liwale, jirani na pori hilo. Pori linalosifiwa kuwa halijaguswa na binadamu lina mahame ya watu ndani yake. Songea nayo, ikidaiwa kodi na ikiwa mbali na soko, ikageuka chimbuko la manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga.

Uhuru ulileta marekebisho ambayo hayakulifikia jeraha hili. Sheria ya mwaka 1963 ilizigeuza hatimiliki za kudumu kuwa upangaji wa miaka 99 chini ya serikali, lakini Songea haikuwa na mashamba mengi ya walowezi. Mamlaka juu ya ardhi, ambayo sheria ya mwaka 1923 ilimpa gavana, yalihamia kwa Rais. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inailinda milki ya kimila, ulinzi mkubwa kwa anayelima leo. Lakini familia iliyofutwa mwaka 1906 haina shamba la kuliandikisha.

Ndiyo maana madai yakaelekea Ujerumani. Februari 2017, Waziri wa Ulinzi Hussein Mwinyi aliliambia Bunge kwamba serikali inafikiria kudai fidia. Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Makumbusho ya Maji Maji mjini Songea, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Kingoni aliyekuwa mmoja wa walionyongwa, akaomba msamaha. Hakuahidi fidia. Aliahidi juhudi za kukitafuta kichwa cha nduna huyo, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Kaburi lake liko hapo makumbusho, kando ya kaburi la pamoja la wenzake, na ukoo wake bado unakisubiri kichwa hicho.