Kabla Hujatuma Pesa, Hesabu Masaa ya Ndege

Tuseme kijana wako wa Mukuyuni amepata nafasi ya kusoma Marekani. Jana mlimsindikiza hadi JKIA, mkaomba, mkapiga picha, mkarudi Makueni usiku. Leo saa mbili asubuhi simu inalia, namba ngeni: "Mama, mimi ni afisa wa uwanja wa ndege New York. Kijana wako ameshikwa. Tuma elfu kumi na tano sasa hivi, la sivyo anarudishwa."

Unaangalia nakala ya tiketi: kuondoka 23:00, kufika 06:00. Kumbe alifika saa kumi na mbili! Moyo unadunda, kidole kiko tayari kubonyeza PIN.

Ngoja kwanza, tupige hesabu.

Tiketi huandika saa za kila mji. Ile 06:00 ni ya New York, si ya Kenya. Wakati wa baridi, New York iko nyuma yetu kwa masaa 8. Kuanzia Machi hadi mapema Novemba, ni masaa 7. Kwa hivyo safari hiyo si ya masaa 7 vile inavyoonekana. Kutoka Nairobi hadi huko ni karibu kilomita 11,800. Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, na ndege huchukua kama masaa 15 kwenda.

Sasa hesabu: saa tano usiku, ongeza masaa 15, unapata saa nane mchana ya Kenya. Saa mbili asubuhi kijana bado yuko hewani, amebakisha masaa sita. Hata kama ndege ina wifi, mtu aliye hewani hawezi kuwa ameshikwa New York. Huyo anayepiga ni tapeli.

Wanaobadilisha ndege Doha au Dubai huchukua muda mrefu zaidi, mara nyingi kupita masaa 20.

Kabla msafiri wako hajaondoka, fanyeni hivi:

- Andikeni kwenye karatasi saa ya kutua, kwa saa za Kenya.
- Kubalianeni swali ambalo ni nyinyi tu mnajua jibu lake.
- Ukipigiwa, kata simu, kisha mtafute mwenyewe kwa namba unayoijua. Akiwa hapatikani, subiri atue.
- Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema ametoka kwetu.

Na kama umeshatuma? Usione aibu. Pigia huduma kwa wateja hapo hapo, kabla aliyepokea hajatoa pesa. Kila dakika ina maana.

Tapeli hukuharakisha kwa sababu anajua ukikaa chini na kuhesabu, amekwisha. Kijana akitua kweli, atakupigia mwenyewe, na utamjua kwa vile anavyokuita: "Mwaitu, nimefika."