Protini ya Pakiti (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kazi ambayo protini hufanya mwilini. Leo tuingie dukani. Vitafunio vya pakiti vilivyoandikwa "protini" kwa herufi nene sasa vinapatikana hata huku kwetu, na kijana wa Kapsoit akitoka mazoezini huvitafuta supamaketi mjini Kericho kana kwamba ni dawa. Je, vinamfaa?

Kwanza tujue pengo lenyewe lipo au halipo. Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 anatosheka na gramu 48. Mayai mawili ya kuchemsha ya kibandani yana gramu 12. Nusu lita ya maziwa, yawe ndani ya chai au mursik, ina 16. Sahani ya maharagwe ina 15 hivi, na ugali wa robo kilo ya unga karibu 20. Tumeshapita 60, na hatujagusa nyama wala omena inayopandishwa kutoka Kisumu.

"Mimi nakimbia, daktari, hesabu yangu ni nyingine." Sawa. Mwaka 2004 Vincent Onywera, Yannis Pitsiladis na wenzao walichapisha matokeo ya kuwapimia chakula wakimbiaji kumi wa Kikalenjin wa kiwango cha juu kwa siku saba. Protini ilitoa kama asilimia 10 tu ya nishati yao. Wanga ulitoa zaidi ya asilimia 76. Hata hivyo, kwa kuwa walikula wakashiba, protini hiyo ilifika gramu 1.3 kwa kila kilo ya mwili. Vyakula vyenyewe ni ugali, wali, viazi, maharagwe, kabichi, nyama kidogo na chai ya maziwa. (Sukari peke yake ilikuwa sehemu moja ya tano ya nishati yao. Anayeshinda ameketi ofisini asiwaige katika hilo.)

Sasa geuza pakiti, maana upande wa mbele ni tangazo. Nyuma, viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Mara nyingi utakuta protini ya soya au ya maji yanayobaki jibini likishatengenezwa, kisha sharubati ya glukosi, mafuta ya mawese na maltitoli. Hii ya mwisho huleta utamu bila kuhesabiwa kuwa sukari, lakini ukiila kwa wingi tumbo hujaa gesi na pengine ukaharisha. Kipande cha gramu 60 huenda kweli kikawa na gramu 20 za protini. Mimi huuliza habari za zile 40 zilizobaki. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50, na ikiwezekana ishuke hadi 25. Vipande viwili vyenye sukari nyingi vinaweza kukumalizia kiwango hicho kabla ya chai ya saa kumi.

Angalia pia kipimo. Biskuti ikijisifu kwa gramu 10 za protini "katika gramu 100", na pakiti yako ni ya gramu 35, umenunua gramu 3.5. Yai moja linaishinda.

Wapo wanaosema protini ikiongezwa basi madhara ya chakula cha kiwandani yanafutika. Jaribio la Kevin Hall na wenzake huko Marekani mwaka 2019 linawapinga. Watu 20 waliandaliwa milo ya aina mbili yenye viwango sawa vya protini, sukari na nyuzinyuzi, wakaambiwa wale watakavyo. Walipopewa ile iliyosindikwa sana walizidisha takriban kalori 500 kwa siku, wakanenepa.

Nisieleweke kwamba kila pakiti ni adui. Maziwa lala ya pakiti na njugu zilizokaangwa tupu ni chakula kizuri, nacho kibanda si malaika: njugu zilizolala kwenye unyevu hushika sumukuvu, inayodhuru ini. Viwanda navyo havikusalimika. Mwaka 2019 shirika la viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu hiyo hiyo. Njugu yenye ukungu au uchungu itupe, usiikaange upya.

Na homa hii ya protini si ya kwanza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wataalamu wengi waliamini kwamba utapiamlo wa watoto ni upungufu wa protini, wakabuni unga na michanganyiko ya viwandani ya kuuziba. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba juhudi hizo zilikosa shabaha: watoto wengi walikosa chakula chenyewe. Kule Kampala, kituo cha Mwanamugimu cha Hospitali ya Mulago kilikuwa kikiwafundisha akina mama kupika kitobero, mseto wa vyakula vya shambani kwao kama ndizi, maharagwe, karanga na samaki. Mzazi wa Kapsoit anayemnunulia mtoto biskuti za protini angefanya vivyo hivyo kwa viazi, ndengu na yai, na chenji ikabaki.

Wiki ijayo tutafungua ile mikebe ya unga wa protini inayouzwa kwenye jimu, tuone nani hasa anaihitaji.